Macho Hayana Spea

Wateja wageni huwa wananicheka kwa tabia moja. Mtu akiniletea simu, badala ya kuvaa miwani nione vizuri, mimi naivua. Naiweka juu ya kaunta, naisogeza simu mpaka karibu iguse pua, na pale kwenye sentimita 16 kila skrubu inajitokeza waziwazi kama imechorwa kwa wino. Darubini ninayo, ya kazi za bodi. Ila kwa kufungua, kuokota skrubu iliyodondoka na kuona kama waya umekatika, macho yangu mabovu yananitosha. Nina miaka 42 na nimekaa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, muda mrefu kiasi kwamba nimetengeneza simu ambazo vijana wa leo wanadhani ni rimoti.

Miwani yangu ni hasi 6.25 macho yote mawili. Nikiivua, uso wako ukiwa ng'ambo ya kaunta ni maandazi.

Mdogo wangu ana hasi 4.50. Yeye ana miaka 26, yuko Nungwi, Unguja, anawapeleka wageni baharini kuangalia samaki na matumbawe. Sasa fikiria kazi ya kuwaonyesha watu samaki ambao wewe mwenyewe huwaoni. Barakoa ya kuzamia haikai juu ya miwani, maji yanaingia. Zipo barakoa zenye vioo vya namba yako. Alikuwa nayo moja, ikapotea kwa mgeni aliyeazima. Akahamia kwenye lenzi za kuvaa jichoni, na hapo ndipo daktari wa macho alipomkaripia. Ndani ya maji, hata ya bombani, kuna ameba, kidudu kisichoonekana kwa macho, ambaye hujificha nyuma ya lenzi na kuitafuna konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kumtibu ni kazi ya miezi. Ni nadra, lakini anayeogelea na lenzi kila siku anacheza bahati nasibu kila siku.

Usiku mmoja akanipigia. "Kaka, nimechoka. Nataka leza."

Nikamwambia nitaulizia huo upasuaji wa leza wa kuondoa miwani. Ukweli ni kwamba nilitaka na mimi. Miaka zaidi ya 30 ya kufuta mvuke wa chai kwenye vioo inachosha.

Namba ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya mtu anayewatafutia wateja sehemu fulani. Akanijibu haraka sana: dakika kumi tu, bro, jioni unaangalia mpira bila miwani, miwani unaigawa. Akanitumia bei, akanitumia punguzo la bei, akanitumia picha ya mashine. Hakuniuliza umri wangu. Hakuniuliza ninafanya kazi gani. Mimi nikiletewa simu iliyozima huwa nauliza imedondoka au imeingia maji kabla sijataja hela, na hii ni simu ya laki mbili.

Mama, tulipomweleza nyumbani Tanga, alikuwa anadarizi kofia. Hakuinua uso. "Macho hayana spea," akasema.

Nikajifanya mjuaji, nikamwambia ile ngozi ya mbele ya jicho inayo spea, hutolewa kwa marehemu ikapandikizwa. Akavuta uzi. "Ndiyo hivyo nilivyosema."

Basi nikaanza kusoma kama ninavyosoma mchoro wa bodi ya simu nisiyoijua, na nilichokuta kilinikalisha macho usiku kadhaa. Mbele ya jicho kuna konea, kioo kile kinachong'aa ukimtazama mtu kwa pembeni. Sisi mafundi tukisikia kioo tunafikiria cha kulinda tu. Hiki kinafanya kazi: karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda mwanga inafanyika hapo. Iliyobaki inafanywa na lenzi iliyo ndani, nyuma ya mboni, ambayo hujibinya na kujilegeza kutafuta fokasi ya karibu na ya mbali. Kwa mtu kama mimi kioo si kibovu wala lenzi si mbovu. Jicho lenyewe ni refu. La kawaida lina milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi kwa milimita moja tu namba yako inashuka kwa karibu dayopta 3, dayopta ndicho kipimo cha namba za miwani. Picha inatua kabla haijafika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Leza inachofanya ni kuiparua konea katikati ili iwe bapa kidogo, mwanga usipindwe sana, picha isogee nyuma mpaka ilipo retina.

Jicho refu linabaki refu. Hili liandike pembeni, nitalirudia.

Halafu nikaikuta habari ya bata mzinga. Mwaka 1981, kwenye maabara ya IBM ya Yorktown Heights, jimbo la New York, wanasayansi watatu, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya urujuanimno iitwayo eksima, na walijiuliza itafanya nini kwenye nyama ya kiumbe. Siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, Srinivasan akaleta mabaki ya bata mzinga kutoka mezani kwake. Wakaipiga leza kwenye gegedu, wakaona mchirizi msafi, kingo zimenyooka, hakuna kilichoungua. Mimi natumia blowa ya hewa moto kila siku, najua maana ya kutoa kitu bila kukiunguza jirani yake. Ile leza haichomi. Inavunja vifungo vinavyoshikilia molekuli, tabaka inapeperuka, na kila pigo linaondoa kama robo ya maikroni. Maikroni 1,000 ndiyo milimita moja.

Kilichonisisimua zaidi ni namba ya mwanga huo: nanomita 193. Hiyohiyo, kutoka leza ya aina ileile, ndiyo iliyotumika viwandani miaka mingi kuchapa saketi kwenye chipu za simu. Yaani mwanga uliochora chipu iliyo mezani kwangu ndio unaochonga macho ya watu. Nilimweleza kijana wangu wa dukani, akasema "sawa bosi" akaendelea na kazi. Wengine hawana shukrani.

Kutoka kwenye bata hadi kwenye mtu haikuchukua muda mrefu. Stephen Trokel, daktari wa macho wa New York, aliipeleka kwenye konea mwaka 1983 akishirikiana na Srinivasan. Mwaka 1988, kule Louisiana, Marguerite McDonald akamfanyia mwanamke aliyejitolea kwa sababu jicho lake lilikuwa limeshapangiwa kuondolewa kutokana na saratani. Mwaka 1995 Marekani ikaruhusu njia hiyo kwa umma. Ndiyo inayoitwa PRK.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia kisu. Svyatoslav Fyodorov kule Moscow, miaka ya 1970, aliikata konea mikato kama spoki za tairi la baiskeli kutoka katikati kwenda nje, na baadaye akawa na ukumbi ambamo wagonjwa wanapita kwenye mkanda unaosogea kama kiwandani, kila daktari na kituo chake. Watu waliona, wakashangilia. Wamarekani walipowafuatilia waliofanyiwa mikato hiyo kwa miaka 10, asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea upande wa pili, wa kushindwa kuona karibu, kwa dayopta 1 au zaidi. Konea ilikuwa imedhoofishwa, ikaendelea kusogea polepole. Nilipoifikia sehemu hii nikaacha kusoma matangazo ya mashine, nikaanza kusoma habari za unene wa konea.

Tulikwenda Nairobi, kwa sababu binamu yetu anayekaa South B alifanyiwa huko na tulitaka kumwona kwa macho yetu kwanza. Kutoka Tanga ukipita mpaka wa Horohoro unafika Mombasa, na Mombasa kuna treni. Mdogo wangu alikuwa na wiki mbili nzima bila lenzi za jichoni. Ni lazima, maana lenzi hizo huikandamiza konea na kuibadili umbo, na ukipimwa umetoka kuzivua unapimwa umbo la uongo. Lenzi ngumu hutaka muda mrefu zaidi.

Kituo tulichoingia sikitaji, maana hapa sifanyi tangazo. Daktari alikuwa mama wa makamo, mtulivu, anayeita kila mtu "mwanangu", hata mimi mwenye mvi. Vipimo vilichukua muda kuliko upasuaji wenyewe utakavyochukua. Ramani ya konea mbele na nyuma. Unene wake. Machozi. Ukubwa wa mboni gizani. Presha ya jicho. Matone ya kupanua mboni ili aone retina hadi pembezoni, na ukitoka nje baada ya hayo jua la Nairobi linakupiga kama fensi ya umeme.

Ile ramani ndiyo inayoamua. Kuna ugonjwa ambao konea hukonda na kuchongoka kama ncha ya embe, na mwanzoni mwenyewe hajui, anabadilisha tu miwani kila mwaka. Konea ya namna hiyo ukiipunguza kwa leza unaimalizia. Kufikicha macho kunahusishwa nao sana, na kwetu tumejaa watoto wenye mzio wa macho wanaofikicha asubuhi hadi jioni. Daktari alimuuliza mdogo wangu swali hilo mara tatu kwa maneno tofauti: Unafikicha? Hata ukitoka baharini? Hata usiku?

Kisha akachukua kalamu. Nitamkumbuka kwa hilo, hakutupa kipeperushi, alipiga hesabu kwenye karatasi mbele yetu. Konea ya mdogo wangu ilikuwa na maikroni 505, chini kidogo ya wastani, ambao ni kama 540. Kwa kila dayopta moja leza inaondoa maikroni 13 hivi, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Nne na nusu kwa 13, weka 59.

"Sasa LASIK," akasema. Kwenye LASIK leza ya kwanza hukata konea kwa juu, kipande chembamba kama mfuniko wa kopo uliobaki umeshikilia upande mmoja. Kinainuliwa, leza ya pili inachonga chini yake, kinarudishwa. Kesho yake unaona. Ndiyo maana watu wanaipenda, na ndiyo maana yule bwana wa dakika kumi hakuwa mwongo kabisa. Lakini mfuniko wenyewe unachukua maikroni 110, na hata ukirudishwa hauibebi tena konea kama zamani. Unakaa, haushiki. Kwa hiyo 505 toa 110 toa 59, zinabaki 336 za kubeba jicho maisha yote. Madaktari hawataki zishuke chini ya 250, na waangalifu wanataka 300.

"Inaruhusu," mdogo wangu akasema.

"Inaruhusu," daktari akajibu. "Niambie habari za baba yenu."

Tulikuwa tumejaza kwenye fomu. Marehemu baba alipoteza jicho la kushoto kwa presha ya macho, na tulipogundua jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza. Presha ya macho, isichanganywe na mtoto wa jicho, huua mshipa wa fahamu kimyakimya, na watu weusi hutupata mapema na kwa ukali kuliko wengine. Mdogo wangu presha yake ilikuwa ya kawaida. Ila kukata ule mfuniko kunahitaji pete ya kunyonya ilishike jicho lisitikisike, na kwa muda huo presha ndani ya jicho hupanda juu sana. Sekunde chache, watu wengi hawadhuriki. Kwa mtoto wa yule baba, alisema, kwa nini tuijaribu bahati?

Halafu kuna jambo ambalo sikulisikia kwa mtu mwingine yeyote. Kipimo cha presha ya macho hubonyeza konea kidogo na kuhesabu inavyokataa kubonyea. Konea ikishapunguzwa inabonyea kirahisi, mashine inasoma presha ndogo kuliko iliyopo. Mtu anaweza kuambiwa yuko salama huku mshipa unaliwa. Kwa hiyo aliyefanyiwa leza yoyote ya namna hii, kila akikaa mbele ya daktari wa macho mpaka siku ya mwisho, aanze na kusema: nilifanyiwa.

Ikabaki PRK, ile ya zamani. Hakuna mfuniko wala pete. Wanaondoa ngozi laini ya juu kabisa ya konea, maikroni 50 hivi, ambayo huota upya yenyewe, kisha leza inachonga juu palepale. 505 toa 59. Konea inabaki nzima kuliko kwa njia zote, na hakuna mfuniko wa kusogezwa na barakoa, ngumi au teke la mgeni asiyejua kuogelea. Gharama yake ni maumivu na subira. Mdogo wangu akasema anayaweza yote mawili. Hakuwa anajua anachosema, lakini alisema.

Niliulizia ile ya Wajerumani inayoitwa SMILE, maana binamu alikuwa anaisifia. Marekani waliiruhusu mwaka 2016. Leza moja tu inachora kipande kama punje ya dengu ndani ya konea, daktari anakivuta kupitia tundu la milimita chache. Haina mfuniko na haikaushi machozi sana. Lakini nayo hulishika jicho kwa kunyonya, ingawa kwa nguvu ndogo, na kwa konea ya 505 daktari hakuwa na hamu nayo. Na ile ya kupandikiza lenzi ndani ya jicho bila kutoa ya asili ni ya watu wenye namba kubwa sana au konea nyembamba mno. Uzuri wake inaweza kutolewa, ubaya wake umeingia ndani ya jicho kabisa. Akaipita kwa sentensi mbili, nami naipita.

Mdogo wangu alikuwa na swali lake pia. Ana kovu lililovimba sikioni, tangu alipotobolewa. Je, jicho halitavimba hivyohivyo? Nilidhani atacheka. Daktari hakucheka. Alisema miongozo ya zamani iliwakataza kabisa watu wenye makovu ya aina hiyo, kisha wagonjwa weusi walipofuatiliwa ikaonekana konea zao zinapona kama za wengine, kwa sababu konea si ngozi.

Ikaja zamu yangu. Unene 541, ramani safi, hesabu inaruhusu tena kwa wingi. Nikaanza kutabasamu.

"Mwanangu, una miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili."

"Na kazi?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akamwita msaidizi aniwekee lenzi laini za majaribio zenye namba yangu yote, akaniambia: nenda kale chakula cha mchana, uzunguke, rudi saa nane. Hivi ndivyo utakavyoona baada ya leza.

Yale masaa mawili sitayasahau. Niliona majani ya mti, moja moja, bila fremu nyeusi pembeni. Niliona namba ya matatu kabla haijafika. Nikanunua chai kwa makusudi, nikaweka uso kwenye mvuke, hakuna kitu kilichofifia. Kisha nikakaa kwenye benchi, nikatoa laini ya simu kwenye kava lake nisome namba ndogo zile za nyuma. Nikaisogeza kwenye pua kama kawaida yangu. Ukungu. Nikaisogeza mbali, ikawa ndogo. Nikaisogeza tena. Nilikaa pale kama mzee anayesoma barua ya benki.

Ilikuwa hesabu ya darasa la fizikia tu, na hakuna aliyewahi kunipigia. Hasi 6.25 maana yake jicho langu likiwa limepumzika, bila kujikaza hata kidogo, linaona sawasawa kwenye sentimita 16. Ni lenzi ya kukuzia niliyozaliwa nayo. Leza ingenisogezea mahali pa kuona vizuri kutoka kwenye pua hadi upeo wa macho, na ili nione karibu tena ningeitegemea ile lenzi ya ndani ijibinye. Na lenzi ya ndani huanza kukakamaa ukipita miaka 40. Kila mtu, mwenye miwani na asiye nayo. Ndiyo maana wazee wetu husoma gazeti mkono umenyooka. Leza ya konea haigusi lenzi hiyo. Ningekwenda kuigawa miwani moja na baada ya miaka michache nikanunua nyingine, ya karibu, ya kuvaa kila nikishika simu ya mteja, yaani siku nzima.

Kuna njia ya kati: jicho moja linasahihishwa la mbali, la pili linaachwa na hasi kidogo kwa ajili ya karibu, ubongo unajifunza kuchagua. Kuna watu wanaishi nayo vizuri kabisa. Nilipewa lenzi za kuijaribu wiki moja nyumbani, na ushauri wangu kwa yeyote anayeifikiria ni huohuo, jaribu kwanza kabla hujachongwa. Mimi siku ya tatu nilichomelea waya milimita mbili pembeni ya pointi. Macho mawili yasipokubaliana, kina cha kitu kinapotea, na kwangu kina ndicho kila kitu. Nikazivua.

Siku ya mdogo wangu nilikaa nyuma ya kioo nikaangalia kwenye skrini. Matone ya ganzi. Kifaa cha kushikilia kope. Kikombe kidogo chenye kilevi juu ya konea, sekunde 20, kulegeza ile ngozi ya juu. Ikafutwa kwa kibrashi kama unavyofuta gundi. Kisha mlio wa leza, tatatatata, chini ya dakika moja, na mashine inalifuata jicho likitikisika. Alisema baadaye alisikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Dawa kidogo ya kuzuia kovu jeupe, maji ya kuosha, lenzi laini kama plasta juu yake. Jicho la pili. Akatoka anatembea, anacheka, anasema anaona saa ya ukutani.

Usiku wa pili hakucheka. Tulikuwa South B, nimetundika kanga za binamu kwenye madirisha yote, na bado mwanga wa chini ya mlango ulikuwa unamchoma. Alisema ni kama mchanga wa Nungwi wote umehamia ndani ya kope. Akaniomba niende nikaombe yale matone ya ganzi. Nikapiga simu. Daktari akakataa, akaeleza taratibu kwamba ganzi ikitumiwa nyumbani inazuia ngozi ya juu isiote, na watu wamepoteza konea hivyo. Vidonge, barafu iliyofungwa kitambaa, machozi ya bandia, subira. Siku ya tano lenzi ikatolewa. Akawa anaona, ila kama kupitia nailoni. Aliona hivyo karibu wiki tatu, na katikati ya hapo alinitukana mara moja, kwamba ningemwacha afanye ya dakika kumi. Sikumjibu.

Kuna matone ya steroidi ambayo hutumika wiki kadhaa baada ya PRK na kupunguzwa polepole. Yanaweza kupandisha presha ya macho. Kwa hiyo alirudi kupimwa kila alipoambiwa, mara nyingine Dar, na pale kila mara alisema lile neno: nilifanyiwa. Baharini alikatazwa mpaka aruhusiwe, na juani alivaa miwani ya jua kama nyota wa filamu, kwa kuwa jua kali kwenye konea inayopona huleta ukungu.

Leo ana miezi minane. Anaona mstari wa mwisho wa ubao. Asubuhi macho yake yanakauka kidogo, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya konea hukatwa na huchukua miezi kurudi. Usiku taa za boti zina duara hafifu la mwanga kuzizunguka. Alijua mapema. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishiriki utafiti uliochapishwa 2017 ulioonyesha kwamba kati ya watu ambao kabla ya LASIK hawakuwa na dalili kama hizo, zaidi ya 4 katika 10 walikuwa na angalau moja mpya baada ya miezi mitatu. Waliopata tabu kubwa katika shughuli zao hawakufika 1 katika 100, na zaidi ya asilimia 95 walisema wameridhika. Mdogo wangu yumo kwenye hao 95 na kwenye wale wanne pia.

Bei siandiki, inabadilika, na bima nyingi huliita jambo hili urembo. Nitaandika juu ya bahasha. Daktari alitupa vipimo vyote vya kabla na baada, vimechapwa, akasema vitunzwe. Mdogo wangu akipata mtoto wa jicho uzeeni na kuwekewa lenzi ya bandia, namba ya lenzi hiyo hukokotolewa kutoka kwenye konea, na konea iliyochongwa huidanganya hesabu wasipoijua ya zamani. Bahasha iko Tanga, kwenye sanduku la mama, pamoja na hati ya kiwanja.

Na lile la jicho refu: retina yake bado imetanuka kama ya mtu mwenye hasi 4.50, namba ya miwani tu ndiyo iliyoondoka. Akiona vimulimuli, nukta nyeusi nyingi ghafla au pazia linashuka pembeni, ni hospitali siku hiyohiyo. Mimi vilevile.

Sikukuu iliyopita tulikutana nyumbani sote. Yeye alikuwa kibarazani anatusomea majina ya magari yanayopita barabara kuu, hakuna aliyemuuliza. Umeme ukakatika. Mama alikuwa na kofia mkononi, uzi umetoka kwenye sindano, na taa ni ya simu tu. Akajaribu mara mbili, miwani yake ya karibu imeteleza mpaka ncha ya pua. Kisha akaninyooshea sindano bila kusema neno. Nikavua miwani, nikaipokea, nikaisogeza usoni. Tundu lilikuwa pana kama mlango.

"Hayo mabovu," mama akasema, akiichukua, "ndiyo yenye kazi humu ndani."